Jina la Oliver Katika Mtandao wa Mtondia

Oliver alipoingia chumba cha seva Alhamisi saa nne asubuhi, nilikuwa nimeshaichapisha karatasi. Nilikuwa nimeikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa koti la kazi, na kila nilipoinama kukaza waya ilinichoma kiunoni.

"Kabibi," alisema, akafunga mlango nyuma yake ubaridi usitoke. "Umeamkaje?"

"Nimeamka."

Akasimama. Mtu aliyenizoea miaka miwili anajua kwamba hilo si jibu la salamu. Alikuwa amevaa shati la samawati ninalolipenda, na pamoja na hasira zangu zote niliona kola imekaa upande. Mkono wangu ulitaka kwenda kuirekebisha. Niliutia mfukoni, ukakutana na karatasi.

"Fundi Njoroge yuko nje shimoni anaunganisha nyuzi za mwisho," akasema. "Saa sita tukijaliwa tunaizima ile antena, chuo kizima kinahamia faiba."

"Ulisema hivyo Machi."

"Machi watu wa barabara walikuwa hawajatupa njia."

"Na Mei?"

"Mei mvua. Una nini?"

Nilikuwa na mengi. Chuo chetu cha Mtondia, hapa nje kidogo ya mji wa Kilifi, kina watafiti wa bahari kumi na wanane na intaneti ya kuvuta kwa kamba. Daktari Ndinda, anayechunguza matumbawe, hutuma picha zake Ijumaa jioni na Jumapili hupata habari kwamba hazijafika. Anayelaumiwa ni mimi, kwa sababu mlango wenye neno "Mtandao" ni wangu. Oliver Odera ni mhandisi wa shirika la Nairobi linalounganisha vyuo vikuu na vituo vya utafiti, na alikuja mara ya kwanza kutufungia ile antena. Alikaa wiki tatu badala ya moja. Wiki ya pili nilijua ni kwa sababu yangu. Wiki ya tatu nilianza kupaka mafuta ya nazi nywele zangu kila siku kama msichana wa sekondari.

Lakini siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu.

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nairobi. Mikutano, siku mbili. Nilikwambia."

"Jumanne saa nne na dakika kumi na nne asubuhi."

"Ukumbini, ghorofa ya tano, nikisinzia. Kwani polisi wamekuja?"

Niliitoa karatasi nikaiweka juu ya meza, nikaikunjua kwa kiganja.

Ni lazima nieleze ilikuwa nini. Kazi kubwa ambayo Oliver ameifanya pwani hii ni mtandao wa pamoja wa vyuo. Mwalimu au mtafiti wa chuo kimoja akikanyaga chuo kingine, simu yake inatambuliwa na kujiunga yenyewe; haombi nywila kwa mtu. Na seva yangu huandika nani amejiunga, saa ngapi, na amekaa karibu na kifaa kipi cha waifai. Jumatano jioni nilikuwa natafuta kwa nini kantini inakula intaneti kuliko maabara. Hapo nikaliona jina. Lilikuwa la mtu aliyeniandikia usiku uliotangulia kwamba Nairobi kuna baridi na anatamani angekuwa karibu nami.

"Soma," nikasema.

Alisoma kwa sauti, polepole. "Oliver Odera. Mtondia. Kantini. Jumanne saa nne na kumi na nne. Jumatano saa tatu." Akanyanyua macho. "Leo saa tatu na nusu."

"Siku tatu mwanamume yuko hatua mia mbili kutoka mezani kwangu anakunywa chai. Ulikuwa na nani, Oliver?"

Nilitarajia acheke, au akasirike, au aape. Hakufanya hata moja. Alisema, "Umefungua kumbukumbu."

"Ndiyo."

"Nani aliomba?"

"Mimi."

"Kabibi, kumbukumbu za watu hufunguliwa kwa hitilafu au kwa barua ya mkuu wa chuo. Kanuni hiyo tuliiandika mimi na wewe, hapa hapa."

"Naijua."

"Kwenye fomu uliandika sababu gani?"

"Hitilafu."

"Hitilafu gani?"

"Wewe."

Akavuta kiti akaketi. Mashine zilikuwa zinavuma, taa za kijani zinapepesa, na sisi wawili tumetazamana kama watu waliogongana mlangoni wote wakiwa na haki ya kupita.

"Sikuwa hapa," akasema.

"Jina lako lilikuwepo."

"Jina si mtu."

"Wewe ndiye uliyekuja kutufundisha kwamba ni mtu. Ulisimama mbele ya walimu arobaini ukasema akaunti ya mtu ni mtu, msigawiane. Ukabandika na karatasi milangoni."

Kisha akaisogeza kibodi mbele yangu. "Rekebisha fomu kwanza."

"Sasa unanipa kazi?"

"Rekebisha, halafu nitatazama. Sitaki kesho mtu akufukuze kazi kwa ajili yangu."

Nilichapa kwa nguvu: Sababu za binafsi. Mwanamume wangu ni mwongo.

"Futa sentensi ya pili."

"Ni kweli."

"Meneja wako ataisoma, Kabibi."

"Asome." Lakini niliifuta.

Alinyoosha mkono akaufungua mstari mzima wa kumbukumbu, ule mrefu ambao mimi kwa hasira sikuufikia, unaoonyesha ni kifaa gani kilichojiunga. Alisoma namba. Akatoa simu yake mfukoni akalinganisha. Nilimtazama usoni nikaona rangi inamtoka.

"Hii si simu yangu," akasema. "Ni ile ya zamani. Ya kioo kilichopasuka."

"Si uliiuza?"

"Sikuiuza. Nilimpa Mama, Desemba."

"Bila kufuta akaunti."

"Bila kufuta akaunti," akasema kwa sauti ya chini, mtu mwenye karatasi zake milangoni.

Mama yake, Mama Trizah, anaishi Marereni, kaskazini ya Malindi. Marehemu mumewe aliajiriwa kwenye mashamba ya chumvi miaka thelathini, na yeye mpaka leo huwapikia wafanyakazi wa chumvi chakula cha mchana. Sikuwahi kumwona. Kila nilipomwomba Oliver anipeleke, kulikuwa na jambo.

"Marereni hakuna chuo," nikasema.

"Hakuna. Ndiyo maana haikuonekana miezi yote hii. Lakini ikifika mahali penye mtandao wetu..."

"Inajiunga yenyewe."

Alibonyeza kuona walioko hewani wakati huo. Jina lake lilikuwepo, kantini, dakika arobaini na saba. Chini yake kiasi cha data kwa siku tatu.

"Gigabaiti sita," nikasema. "Anafanya nini mama yako?"

"Kwaya. Anatazama kwaya."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kuomba radhi. Oliver aliinua mkono, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili tu, pale damu inapodunda.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungesema ulikuwa Nairobi."

"Kwa sababu nilikuwa Nairobi."

"Najua sasa."

"Usiku kucha umekaa na jambo hili?"

"Nimelala. Saa moja."

Kidole gumba chake kilipita juu ya mkono wangu na kurudi. Nilifumba macho. Ninampenda mtu huyu kwa namna inayonikera. Nina miaka thelathini na minne, nina stashahada, nina mtoto, naweza kupanda mnara wa mita ishirini na mkanda wa vifaa kiunoni, na bado vidole viwili vinanishinda. Tungeishia hapo, tungekuwa watu wenye furaha. Lakini mimi si mtu wa kuliacha swali likiwa limelala nusu.

"Oliver. Kwa nini mama yako akae kantini ya kazini kwangu siku tatu bila kukwambia?"

Aliuachilia mkono wangu.

Basi. Hilo tu lilinitosha kujua kuna kitu.

"Umemwambia nini juu yangu?"

"Nimemwambia wewe ni Mgiriama wa Kaloleni. Mkristo. Unafanya kazi ya mitambo. Mpole."

"Mpole?"

"Nilimwambia hivyo."

"Na Easter?"

Aliokota kipande cha waya mezani akaanza kukinyoosha, na hakikuwa kimejikunja.

"Oliver, nimekuuliza. Mama yako anajua nina mtoto?"

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Wazee wako wanaingia kwa Baba Jumamosi. Wakati mzuri ulikuwa upi, Jumapili?"

Ninyi mnaosoma, wengine hamjui mambo ya kwetu. Jumamosi ilikuwa siku ya kuletwa mnazi, ile pombe ya posa. Kwa kuwa upande wa Oliver hawana mgema wanayemjua, walimwomba mjomba wangu Nzai awaagizie Kaloleni. Mnazi hauwekwi. Unagemwa Ijumaa jioni na Jumamosi alfajiri, unanywewa siku hiyo. Idadi ya wageni ilishatajwa, sita. Na kabla kata ya kwanza haijanywewa, Baba ataniita mbele ya watu wote aniulize: hawa unawajua? Tunywe? Nikisema kunyweni, nimeolewa, hayo mengine ni kumalizia. Niliwahi kuulizwa nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikajibu haraka, nikakaa na mume wangu wa kwanza, Kambi, miaka minne mpaka wazee wakatuachanisha. Niliapa kwamba mara ya pili nitajibu kwa akili.

Sasa ningesemaje ninawajua watu ambao hawamjui mtoto wangu?

Nilivua koti la kazi nikalitundika. "Twende kantini."

"Kabibi, ngoja niende peke yangu."

"Miaka miwili umeenda peke yako."

Alikuwa kwenye meza ya pembeni, karibu na soketi, simu imechomekwa kwenye chaji. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani na miwani iliyofungwa uzi. Mbele yake kulikuwa na sahani ya mahamri na mbaazi na kikombe cha chai. Nilimtambua mara moja. Nilikuwa nimempita siku tatu mfululizo nikidhani ni mzazi wa mwanafunzi. Nelly, mpishi wa kantini, alipotuona akaingia jikoni kwa haraka isiyo yake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Alitoa kidude cha sikioni. Alinitazama kuanzia viatu. "Umenipita mara tano tangu Jumanne. Umenisalimia mara tatu. Si mbaya." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe si uko Nairobi?"

"Nimetua Malindi asubuhi. Mama, unafanya nini hapa?"

"Nakunywa chai."

"Umetoka Marereni kuja kunywa chai Mtondia?"

"Nyathina, ukinifundisha kuficha usishangae nimejua." Neno hilo kwa lugha yao ni "mwanangu", lakini alilitamka bila ulaini. "Nililala kwa Idah wa kanisa letu. Ana kochi lina chuma katikati. Siku tatu mgongo wangu umelala pande mbili. Kaeni."

Tukakaa. Oliver alitaka kukaa upande wangu, akafikiri, akakaa kichwani mwa meza.

"Uliniambia msichana," Mama Trizah akaendelea. "Nikanunua leso ya kumpa msichana. Nikasema kabla ya Jumamosi nimwone kwa macho yangu, maana wewe ulikuwa kila siku huna nafasi. Nimefika hapa, nikamuuliza huyo wa jikoni, Kabibi wa mitambo ni nani? Akaniambia, ni yule pale, mama Easter. Nikauliza, Easter ni nani?" Aligonga meza kwa kidole, kidogo tu. "Nimeambiwa na mpishi, Oliver. Nimesimama na sahani mkononi nikiambiwa mambo ya nyumba yangu na mpishi."

"Mama, ningekuambia."

"Lini?"

Nami niligeuka nikamtazama, kwa sababu mimi pia nilitaka kujua.

"Baada ya Jumamosi," akasema Oliver. "Mambo yakishatulia."

Kumbe ndivyo. Nilikumbuka wiki iliyopita, simuni, sauti yake ikiwa tamu kabisa: Easter abaki kwa jirani Jumamosi, Kaloleni jua ni kali, mtoto atachoka bure. Nikamwona mwema. Nikamwambia jirani yangu hakuna mwanamume anayejali watoto kama huyu.

"Ndiyo maana ya jua kali," nikasema.

Alielewa. "Kabibi, sikukusudia vibaya."

"Ulikusudia mtoto wangu afichwe kwa jirani ili nitolewe mahari."

"Siku moja tu."

"Na siku ya pili ungesemaje? Ametokea wapi, ameota?"

Mama Trizah alikuwa anatutazama mmoja mmoja. "Huyo mume wa kwanza yuko hai?" akaniuliza, kama anayeuliza bei.

"Yuko hai. Yuko Mombasa, ameoa."

"Mliachana kwa wazee?"

"Kwa wazee. Hatudaiani kitu."

"Mtoto akiugua, anapigiwa nani?"

"Mimi."

"Na akishindwa huyu mimi?"

"Hajashindwa bado."

Alikunywa chai. Simu ya Oliver ikalia; ilikuwa Njoroge. Nilisikia sauti yake ikikwaruza kutoka shimoni: kiungo kimoja hakipitishi mwanga vizuri, kinafaa kukatwa na kuunganishwa upya, saa sita haiwezekani, labda saa kumi, labda kesho.

"Ngoja," Oliver akamwambia. "Ngoja tu, Njoroge."

"Waambie maabara," nikasema, "maana mimi nimechoka kuwaambia."

Kisha nilitoa simu yangu nikampigia Baba. Sikuondoka mezani. Oliver alinyoosha mkono kunizuia, akaurudisha mwenyewe.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nzai yuko hapa, tumetoka kwa mgema sasa hivi. Amesema atatutolea ule wa minazi ya bondeni."

"Baba, Jumamosi isiwe."

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu anayetwanga.

"Wamefiwa?"

"Hawajafiwa."

"Basi kuna nini?"

"Hawajui wanakuja kwa nani, Baba. Nitakueleza."

"Na mnazi?"

"Kunyweni."

"Tutakunywa," akasema Baba. "Lakini hautashuka vizuri."

Nilikata simu. Macho ya Oliver yalijaa maji akayageuzia dirishani, kwenye ile antena kuukuu juu ya paa la maabara.

Aliyekasirika, sikutegemea, ni Mama Trizah.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Umetufuta."

"Nimesimamisha."

"Umetufuta. Mimi nimetoka Marereni, nimelala juu ya chuma siku tatu, nimekuja nikatae. Nimejipanga. Maneno ninayo. Na wewe unakataa mbele yangu kabla sijafungua mdomo. Nani alikupa hiyo nafasi?"

"Basi kataa, mama. Nakusikiliza."

"Nitakataa nini sasa? Kimebaki nini cha kukataa?"

Nelly alichungulia kutoka jikoni. Nilimkata jicho akarudi.

"Mama," nikasema, na nilijitahidi sauti isipande, "wewe sijakukataa. Umefanya safari kuja kuniangalia, na uliloliona unalisema usoni mwangu. Hilo naliweza. Mtu akinikataa kwa mdomo wake, najua mahali pa kusimama. Huyu mwanao amenikubali miaka miwili kwa siri, na hilo ndilo limenishinda."

Oliver aliinuka. Nilidhani anaondoka, nikaogopa, na sikuwa na haki ya kuogopa baada ya maneno yale. Hakuondoka. Alizunguka meza akaja kukaa mbele ya mama yake, magoti karibu yagusane.

"Anaitwa Easter," akasema. "Ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Hapendi maharagwe. Anajua kukaza kichwa cha waya kuliko Njoroge, mimi ndiye nilimfundisha, kwenye sakafu ya jikoni kwao. Kila Jumapili jioni ananipigia nimsaidie hesabu, na akimaliza ananiuliza kama nimekula. Nimemjua miaka miwili, na sijawahi kulitaja jina lake nyumbani kwetu kwa sababu nilikuwa nauogopa uso huo."

"Uso gani?"

"Huo hapo."

Mama Trizah alijishika shavu kana kwamba anaukagua. "Huu ni uso wangu wa kawaida."

"Ndiyo tatizo, Mama."

Nilitazama chini nisicheke. Sikutaka kucheka. Nilikuwa na hasira iliyonijaa mpaka puani, na maneno yake yalikuwa mazuri, na yalikuwa yamechelewa, na mimi nilitaka kuyasikia Januari. Mtu ukingoja neno muda mrefu, likija unalipokea ukiwa umechoka, hulifurahii ulivyopanga.

Alinigeukia. "Jumamosi nitakuja peke yangu. Nitamwambia Baba yako mwenyewe."

"Kwetu mwanamume haji peke yake. Baba hatakukaribisha hata kiti. Utasimama uani mpaka uchoke."

"Nitasimama."

"Usiniletee sinema, Oliver. Nina kazi."

"Basi niambie nifanye nini. Niambie, nifanye. Nimekosa. Nilijua ni kosa nikalifanya, kwa sababu kila nikijaribu kusema naona mmoja wenu ananiacha. Mama ataninunia mwaka mzima, au wewe utaniangalia vile unavyoniangalia sasa."

"Nakuangaliaje?"

"Kama mtu aliyechelewa."

Nilinyoosha mkono, na hapo mkono haukuniomba ruhusa, nikamrekebisha kola. Niliirekebisha vizuri, pande zote mbili, kisha nikaurudisha mkono wangu. Alibaki ametulia kama mtu anayevuliwa mwiba. Mama Trizah aliona yote.

"Jumanne," nikasema. "Siyo Kaloleni. Nyumbani kwangu, Mnarani, vyumba viwili na jiko la nje. Uje ule tunachokula sisi, na Easter akiwa mezani, siyo kwa jirani. Hatakaguliwa, hatavalishwa, hataambiwa aimbe. Ukiweza kukaa hapo na mama yako pembeni na kumwita mtoto kwa jina lake, nitampigia Baba tuzungumze siku nyingine. Ukishindwa, faiba ikishawaka urudi Nairobi, na akaunti yako hapa nitaifunga mwenyewe."

"Nitakuja," akasema.

"Sijasema nimekusamehe."

"Nimesikia."

"Na mvua ikinyesha, uje na mvua."

Mama Trizah alichomoa simu kwenye chaji. Akaukunja ule waya polepole, akautia kwenye mkoba pamoja na mahamri mawili aliyoyafunga kwenye karatasi. Alipomaliza alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso.

"Mnapika nini Jumanne?" akauliza.

"Papa wa nazi na sima," nikasema.

"Papa silagi. Ananuka."

"Basi utakula mchicha, mama."

Alinitazama kwa muda. Nilimtazama pia, sikuwa na sababu ya kuinamisha kichwa. Nje, Njoroge alikuwa anaita jina la Oliver kutoka shimoni kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa.

"Mpole," akasema Mama Trizah. "Aliniambia mpole."

"Mama, twende nikusindikize kwa Idah," Oliver akasema.

"Una kazi shimoni. Nenda." Akasimama kwa kushika meza, mkono mmoja mgongoni. "Hiyo Jumanne, ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," akasema Oliver, "nikitoka..."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza mwenye nyumba."

Nikamwambia saa kumi na moja, kabla Easter hajaanza kusinzia.